Mkoba wa kupimia maji ya ziwa na mto: kipi kinaona, kipi ni kipofu

Mikoba ya kupimia maji inayouzwa kwa shule, vikundi vya wavuvi na kamati za watumia maji hutoka kwa watengenezaji wengi, lakini ukiifungua unakuta karibu vitu vilevile: kisahani cha Secchi na kamba yake, kipimajoto, kipimo cha pH (kiwango cha asidi au alikali) cha mkononi, kipimo cha upitishaji umeme, chupa na kemikali za kupimia oksijeni, mrija wa tope, vibanzi vya nitrati na fosfati (vijikaratasi vinavyobadilika rangi vikichovywa majini), na kadi chache za kuoteshea bakteria. Tathmini hii inakipitia kila kifaa kwa swali moja ambalo maandishi ya juu ya boksi hayalijibu: kiasi kidogo kabisa ambacho kifaa hiki kinaweza kukiona ni kipi, na je, ziwa huanza kuharibika kabla ya kiasi hicho au baada yake?

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mkoba una faida. Ziwa huharibika polepole. Maji yenye mikrogramu 10 za fosforasi kwa lita na yenye mikrogramu 30 yanafanana ukiyaweka kwenye glasi, ila ya kwanza ni ya ziwa lenye afya na ya pili ni ya ziwa ambalo limeshaanza kuelekea kwenye mwani. Mwaka 1973 huko Ontario, Kanada, David Schindler na wenzake waliligawa Ziwa 226 kwa pazia, wakatia kaboni na nitrojeni pande zote mbili, na fosforasi upande mmoja tu. Upande uliopata fosforasi uligeuka kijani, wa pili ukabaki na maji yake meupe. Kiasi kilichotosha kufanya hivyo ni kidogo sana, na ndiyo maana anayesubiri kuona samaki wakielea ndipo apime anakuwa amechelewa kwa misimu mingi.

Kwa ufupi, mkoba unafaa kununuliwa, ila haufai kuaminiwa wote. Vifaa vitatu ndani yake ni vizuri kuliko watu wanavyodhani, viwili vinahitaji uangalizi ambao kijitabu cha maelekezo hakiusisitizi, na kimoja kinapotosha kiasi kwamba ni afadhali kukiacha nyumbani.

Kisahani cha Secchi

Kifaa bora kuliko vyote humu hakina betri. Ni bamba la duara la sentimita 20, limepakwa robo nyeusi na robo nyeupe, na kamba yenye alama kila sentimita 10. Asili yake ni Padre Angelo Secchi, mwanaastronomia wa Kiitaliano, aliyeshusha visahani vyeupe baharini mwaka 1865. Umbo lake halijabadilika sana tangu hapo kwa sababu halihitaji kubadilika.

Namna ya kukitumia: pima kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli, bila miwani ya jua. Shusha taratibu mpaka kisahani kipotee machoni, shika kamba kwenye usawa wa maji, andika kina. Shusha kidogo zaidi, kisha vuta juu mpaka kionekane tena, andika kina cha pili. Wastani wa namba hizo mbili ndio jibu. Mtu wa pili afanye vilevile bila kuambiwa jibu la kwanza. Mkitofautiana kwa zaidi ya alama moja ya kamba, rudieni.

Thamani yake inatokana na fomula ambayo Robert Carlson aliichapisha mwaka 1977. Kwenye mizani yake, uangavu wa mita 4 ni alama 40, mita 2 ni alama 50, mita 1 ni 60, nusu mita ni 70. Kila uangavu unapopungua kwa nusu, alama hupanda kwa 10, na kuanzia takriban 50 ziwa huhesabiwa kuwa limezidiwa na virutubisho. Angalia jinsi hilo linavyosaidia: kushuka kutoka mita 6 hadi mita 4 hakuna mtu wa pwani atakayekugundua kwa macho, lakini kamba inakuonyesha siku hiyohiyo. Kinaona mabadiliko mapema, pale ambapo bado yanaweza kurudishwa.

Kasoro zake zinajulikana. Hakitofautishi mwani na tope la mvua, kwa hiyo siku tatu baada ya mvua kubwa namba yake inazungumzia udongo, na fomula ya Carlson haifai kutumika. Kamba ya nailoni hurefuka ikilowa. Ipime upya kwa futi ya chuma kila baada ya miezi michache, au tumia kamba isiyovutika. Visahani vya plastiki vya baadhi ya mikoba ni vyepesi mno, mkondo huvibeba pembeni na kamba haisimami wima, hivyo namba inatoka kubwa kuliko kina halisi. Fungia uzito chini yake. Rangi nyeupe ikigeuka manjano, paka upya. Na ziwa likiwa na kina kifupi hadi kisahani kikagusa chini kingali kinaonekana, usiandike kina hicho kama jibu. Andika “kinaonekana hadi chini”, kwani uangavu halisi ni zaidi ya hapo.

Mtoni hakifai. Huko ndipo kazi ya mrija wa tope: unaujaza maji, unatikisa yasitulie, unayapunguza kupitia bomba dogo la chini mpaka alama iliyochorwa kwenye kitako ionekane ukiangalia kutoka juu. Ni kifaa kizuri kwa mto uliojaa udongo. Chati za mirija mingi huishia kati ya NTU (kizio cha kupimia tope) 5 na 10, basi ukiiona alama mrija ukiwa umejaa, andika “chini ya 10” au chochote chati inachosema. Usiandike sifuri. Maji yanayokwenda kutiwa klorini kwa kunywa yanatakiwa kuwa chini ya NTU 1 inapowezekana, na mrija huu hauwezi kukuambia hilo hata kidogo. Hapo unahitaji kipimo cha mwanga, na vichupa vyake visifutwe kwa shati: alama ya kidole, mkwaruzo, au jasho la chupa baridi kwenye hewa ya joto husomeka kama tope.

Kipimo cha upitishaji umeme

Hiki ni cha pili kwa ubora, na kwa mto huenda ni cha kwanza. Chumvi zilizoyeyuka hupitisha umeme. Kipimo kinasoma mikrosimensi kwa sentimita na kusahihisha joto hadi nyuzi 25, kwa kuwa kila nyuzi moja ya joto hubadilisha usomaji kwa takriban asilimia 2. Hakuna kemikali, hakuna kusubiri. Tembea nacho kando ya mto kuelekea juu, ukipima kila mita 200. Namba ikiwa imekaa 180, 182, 179 kisha ghafla, ukipita mdomo wa mfereji fulani, ikashuka hadi 120, umeshapata mahali ambapo kitu kinaingia mtoni. Majitaka, maji ya migodi na mifereji ya viwanda vingi huacha alama hii hata pale maji yanapoonekana meupe.

Kisawazishe kwa kimiminika cha 1413, ambacho ni potasiamu kloridi ya 0.01 molari. Chupa ya kimiminika hicho ikiachwa wazi juani, maji hupungua, chumvi hubaki, na kipimo chako kinafundishwa uongo: tangu siku hiyo kitasoma chini ya ukweli. Mimina kidogo kwenye kikombe, tumia, mwaga, usirudishe chupani. Osha kichwa cha kipimo mara tatu kwa maji ya mahali unapopima kabla ya kusoma.

Epuka modeli zinazoonyesha jumla ya chumvi peke yake, kwa miligramu kwa lita. Hazipimi chumvi. Zinapima umeme uleule na kuzidisha kwa kizidisho kati ya 0.5 na 0.7 ambacho mtengenezaji amekichagua, na makundi mawili yenye vizidisho tofauti hayataelewana kamwe. Jambo jingine: hakuna namba moja “nzuri” kwa maji yote ya dunia. Ziwa la juu ya miamba migumu linaweza kusoma makumi, ziwa lisilo na mto wa kutokea likasoma maelfu, na yote mawili yakawa na afya. Unalinganisha maji na historia yake yenyewe.

Oksijeni

Hapa ndipo mkoba unapobeba kitu chenye uzito kuliko vyote, na ndipo makosa ni mengi. Maji yasiyo na chumvi, kwenye usawa wa bahari, hubeba miligramu 14.6 za oksijeni kwa lita kwa nyuzi 0, 11.3 kwa nyuzi 10, 9.1 kwa nyuzi 20, na 7.6 tu kwa nyuzi 30. Samaki wengi huanza kutaabika ikishuka chini ya 5, na chini ya 2 wengi hawaishi. Kwa hiyo ziwa lenye joto halina akiba kubwa ya kuchezea.

Kosa la kwanza ni saa. Mwani hutoa oksijeni mchana na kuila usiku. Ziwa lililorutubishwa kupita kiasi linaweza kusoma zaidi ya asilimia 100 ya ujazo wake saa nane mchana na likawa karibu tupu kabla ya jua kuchomoza. Kikundi kinachopima kila Jumamosi saa tano asubuhi kitaandika miaka mizima ya namba nzuri, kisha samaki wafe alfajiri moja na mtu asielewe sababu. Pima angalau mara moja kwa mwezi kabla ya mapambazuko, na tena alasiri siku hiyohiyo. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni taarifa yenyewe: ikiwa ndogo, ziwa linapumua taratibu, ikiwa kubwa, lina mwani mwingi kuliko linavyoweza kulisha usiku.

Kosa la pili ni kina. Ziwa likijigawa tabaka, maji ya joto juu na ya baridi chini, sehemu ya chini hufungiwa mbali na hewa. Juu unasoma 8, mita chache chini unasoma 0. Na pale oksijeni inapoisha chini, mashapo huachilia fosforasi yaliyoishika, hivyo ziwa linaanza kujirutubisha lenyewe hata mbolea ikiacha kuingia. Mikoba karibu yote haina kifaa cha kuchotea maji ya chini, na huu ndio upungufu wake mkubwa kuliko wote. Usijaribu kuuziba kwa chupa tupu yenye jiwe na kizibo cha kuvutwa kwa kamba: maji yakiingia yanabubujika na hewa iliyokuwa ndani, na oksijeni inapanda kabla hujaipima. Nunua chombo cha mrija ulio wazi pande zote mbili ambao hufungwa kwa uzito unaotelezeshwa kwenye kamba, au tumia bomba refu na pampu ya mkono, ukiacha maji yafurike chupani mara mbili au tatu ya ujazo wake.

Njia ya kemikali iliyomo mkobani ni ile ya Lajos Winkler ya mwaka 1888, na bado ndiyo hakimu wa vipimo vya elektroniki. Kwa chupa ya mililita 300: jaza bila povu hata moja. Tia mililita 1 ya manganisi salfeti, ncha ya pipeti ikiwa chini ya uso wa maji, kisha mililita 1 ya alikali yenye iodidi na azidi. Funga, pindua juu chini mara kumi na tano hivi. Yakitokea mawingu ya kahawia, oksijeni ipo. Yakiwa meupe, haipo. Acha yatue hadi nusu ya chupa, pindua tena, yatue tena. Tia mililita 1 ya asidi ya sulfuriki kali, pindua mpaka mawingu yayeyuke na maji yawe rangi ya chai ya rangi. Kuanzia hapo oksijeni ya hewani haiwezi tena kuharibu jibu, na chupa inaweza kukaa gizani hadi saa 8 kabla ya hatua ya mwisho.

Hatua hiyo: chukua mililita 201, kwani mililita hiyo ya ziada inafidia maji yaliyosukumwa nje na kemikali. Dondosha sodiamu thayosalfeti ya 0.025 molari hadi rangi ifanane na majani makavu yaliyofifia. Hapo ndipo unatia wanga, si mapema zaidi, maana wanga ukikutana na iodini nyingi huishikilia na kuiachia kwa kusitasita. Rangi inageuka buluu. Endelea tone kwa tone hadi ipotee. Mililita ulizotumia ndizo miligramu za oksijeni kwa lita. Buluu ikirudi baada ya dakika chache, iache, hesabu imekwisha.

Vifurushi vidogo vya mkobani hufuata mlolongo huu kwa chupa ndogo na matone. Kuna vinavyohesabu tone moja kuwa miligramu 1, na hivyo ni vya kufundishia tu, kwa kuwa kati ya 4 na 5 kuna jambo kubwa kwa samaki. Chagua kinachotumia sindano yenye mistari inayosoma sehemu za kumi. Glavu na miwani ya kinga si hiari hapa: asidi ile inatoboa ngozi na azidi ni sumu. Yote yaliyobaki yaingie kwenye dumu la taka, si ziwani.

Wanaonunua kipimo cha elektroniki badala yake wapate cha mwanga. Kile cha zamani chenye utando, kilichotokana na kazi ya Leland Clark miaka ya 1950, hula oksijeni kinapoisoma, hivyo kikisimama kwenye maji tulivu namba inashuka yenyewe na mtu anaripoti maafa yasiyokuwepo. Lazima kitingishwe polepole muda wote. Cha mwanga hakihitaji hivyo, ila kofia yake huchakaa na hubadilishwa kila mwaka mmoja au miwili. Vyote viwili husawazishwa kwenye hewa iliyojaa unyevu, na vyote viwili vinahitaji kujua kanieneo ya hewa. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, maji ya nyuzi 20 hujaa kwa karibu 7.6, si 9.1. Tahadhari: kanieneo inayotangazwa na vituo vya hali ya hewa imeshasahihishwa kuwa ya usawa wa bahari. Ukiiingiza hiyo kwenye kipimo ukiwa mlimani, utapata kosa la zaidi ya miligramu moja na hutajua limetoka wapi. Tumia kanieneo halisi ya mahali ulipo.

Kipimo cha pH

Ni kizuri kikitunzwa, na wengi hawakitunzi. Tufe la kioo linaloonekana kama taa ndogo lazima likae na unyevu, ndani ya potasiamu kloridi ya molari 3. Likikauka huwa zito kusoma, na likihifadhiwa kwenye maji yaliyokenekwa huharibika zaidi, kwa sababu chumvi ya ndani huvuja nje. Hata likitunzwa vizuri, hesabu mwaka mmoja hadi miwili. Sawazisha kila siku ya kazi, ukianza na bafa (kimiminika chenye pH inayojulikana) ya 7, kisha 10 ikiwa ziwa lina mwani, au 4 ikiwa mto unatoka kwenye migodi au vinamasi. Bafa ya 10 hunyonya hewa ya ukaa na kushuka yenyewe, hivyo ndiyo ya kwanza kutupwa. Kwenye maji yenye chumvi chache sana, namba hutambaa kwa dakika kadhaa kabla ya kutulia. Anayesoma haraka ataandika namba ya njiani.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu ya amonia. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kwa samaki ni kama asilimia 0.6. Kwa pH 8 ni kama 5. Kwa pH 9 inafika kama 36. Mwani ukinyonya hewa ya ukaa mchana hupandisha pH ya ziwa hadi 9 bila mtu kumwaga chochote, na amonia ileile iliyokuwa haina madhara asubuhi inaua alasiri. Bila pH na joto, kipimo cha amonia hakina maana.

Vibanzi vya nitrati na fosfati

Hivi ndivyo vya kuacha nyumbani, angalau cha fosfati. Rangi ya kwanza kwenye chati yake iko kwenye kiwango cha miligramu, ilhali ziwa huvuka mpaka wa kurutubishwa kwenye takriban miligramu 0.02 hadi 0.03 za fosforasi kwa lita. Kibanzi kitakuambia “hakuna” siku ziwa linapokuwa safi, kitakuambia “hakuna” siku linapoanza kuugua, na kitaendelea hivyo hadi maji yawe kijani. Ubaya wake ni kwamba watu huandika 0 kwenye daftari, na baadaye mtu mwingine huitumia 0 hiyo kama ushahidi kuwa ziwa halina tatizo. Andika “chini ya” kiwango cha kwanza cha chati, siku zote.

Mbadala ni kipimo cha rangi kinachotumia molibdeti na asidi ya askobiki. Maji hugeuka buluu na kifaa husoma mwanga kwenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 880, ndani ya dakika 10 hadi 30 tangu kemikali ziingie. Ukisoma nje ya muda huo, rangi haijakamilika au imeanza kubadilika. Chupa zisiguswe na sabuni ya kawaida, kwa kuwa baadhi ya sabuni zina fosfati. Zioshwe kwa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 kisha maji yaliyokenekwa. Bado kipimo hiki kinaona fosfati iliyoyeyuka tu. Fosforasi yote, pamoja na iliyomo ndani ya mwani, inahitaji maabara: tia asidi ya sulfuriki kidogo hadi pH iwe chini ya 2, weka kwenye baridi, na sampuli itavumilia hadi siku 28.

Kibanzi cha nitrati kina afadhali kidogo, kwani viwango vya kuhofia ni vikubwa. Shirika la Afya Duniani linaweka mwongozo wa miligramu 50 kwa lita kwa maji ya kunywa. Lakini hiyo ni nitrati. Ikihesabiwa kama nitrojeni, namba ileile ni 11.3. Chati nyingine zimeandikwa kwa njia ya kwanza na nyingine kwa ya pili, na kizidisho kati yao ni 4.43. Kwa fosfati na fosforasi ni 3.07. Daftari lisilotaja njia gani imetumika halisomeki tena baada ya aliyeliandika kuondoka. Na ukinunua vifurushi vya nitrati vinavyotumia kadimiamu, jua kwamba taka yake ni sumu inayobaki. Kuna vinavyotumia zinki, na hivyo ndivyo vya kupendelea.

Kadi za bakteria

Kadi hupokea mililita 1 ya maji. Mwongozo wa maji ya kunywa unasema E. coli, bakteria wa kinyesi, isionekane kabisa kwenye mililita 100. Kwa hiyo kadi isiyoota kitu inaweza kuwa na maana kwamba kwenye mililita 100 kuna bakteria makumi kadhaa ambao hawakuangukia kwenye tone lako. Kwa ziwa la kuogelea, ambako kigezo cha Marekani ni wastani wa 126 kwa mililita 100, kadi iko ukingoni mwa upofu. Kwa mto unaopokea majitaka, ambako hesabu ni maelfu, inafanya kazi vizuri sana na kwa haraka. Tumia kadi kutafuta chanzo cha uchafu, na utumie kichujio cha mikromita 0.45 kwa mililita 100 nzima unapotaka kusema maji ni salama.

Kuchota kwake ni kinyume cha oksijeni. Chupa iwe imetakaswa, izamishwe sentimita 30 mdomo ukielekea juu ya mto, na iachwe na nafasi ya hewa ili itikisike. Iende kwenye barafu na giza mara moja, ifike ndani ya saa 6. Otesha kwa nyuzi 35 kwa saa 24. Ukimaliza, mwagia kadi dawa ya klorini kabla ya kuitupa, maana sasa ina bakteria wengi kuliko mto wenyewe.

Vitu ambavyo mkoba hauna

Hauoni metali, dawa za wadudu, wala sumu za mwani. Mwezi Agosti 2014, wakazi wa Toledo, Ohio, waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku kadhaa kwa sababu ya maikrosistini iliyotoka kwa bakteria wa rangi ya buluu-kijani wa Ziwa Erie. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo; kunapunguza maji na kuifanya iwe nzito zaidi. Utando wa kijani kama rangi iliyomwagika juu ya maji utoshe kuzuia watu na mifugo, bila kusubiri kipimo chochote cha mkobani.

Ongeza wavu wenye matundu ya nusu milimita. Wadudu wanaoishi chini ya mawe ya mtoni hukaa humo kwa miezi, na waliomwagiwa sumu usiku wa Jumanne watakuwa wamepotea hata ukija kupima Jumamosi maji yakiwa yameshasafishwa na mkondo. Sampuli ya maji inasema juu ya dakika ile tu.

Vipo pia vipimo vya kuachwa majini vinavyoandika kila dakika 15. Vinaona usiku, jambo ambalo mkoba hauwezi bila mtu kuamka. Lakini mwani na konokono huota juu ya vichwa vyake, na bila brashi ya kujifuta pamoja na kuvisafisha kila wiki mbili hadi nne, unarekodi ukuaji wa uchafu kwenye kifaa. Soma namba kabla ya kukisafisha na baada ya kukisafisha, uandike zote mbili. Tofauti hiyo ndiyo kosa lililojijenga, nalo hutumika kusahihisha wiki zilizopita.

Kwa kikundi kinachoanza na fedha kidogo, usinunue mkoba mzima. Nunua kisahani, kipimajoto, kipimo cha umeme na kifurushi cha Winkler chenye sindano, kisha tenga fedha ya kupeleka fosforasi maabara mara nne kwa mwaka. Kipimo cha pH kiongezwe pale atakapopatikana mtu mmoja wa kukitunza kila wiki. Kemikali zinunuliwe kwa chupa ndogo, tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu ya chupa kwa kalamu isiyofutika, na thayosalfeti ikaguliwe kila mara kabla ya kutumika, kwa kuwa hudhoofika taratibu hata chupa ikiwa imefungwa, na ikidhoofika unatumia mililita nyingi zaidi na ziwa linaonekana lina oksijeni ambayo halina.